Kifungu cha Kwaya Kwenye Katiba ya Maji

Ninyi mnaofungua steshenari karibu na stendi, mtu akija akawaambia "niandikie katiba kama ya wale," mrudisheni nyumbani akafikiri upya. Msicheke. Nimepiga chapa Babati zaidi ya miaka thelathini, kwanza ofisini, baadaye kwenye chumba changu mwenyewe pale Bagara, na sentensi hiyo moja ndiyo iliyonigombanisha na nusu ya ukoo wa mume wangu. Wajukuu wananiambia, bibi, andika mambo ya kufurahisha. Yapo, mtayaona, ila naandika nikiwa bado na hasira na mtanivumilia.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, Babati ilikuwa mji wa kupita tu. Mtu anashuka, anakunywa chai, anaendelea na safari yake. Ghafla tukaambiwa sisi ndio makao makuu. Wageni wakaja na mafaili yao kwenye maboksi, nyumba za kupanga zikaisha, na kila aliyekuwa na shida akaambiwa jambo lilelile: undeni kikundi, mje na katiba. Wafuga nyuki wakataka katiba. Wauza mitumba wakataka katiba. Waponda kokoto wakaja mikono ikiwa bado na vumbi jeupe, nao wanataka katiba. Wote walitaka kuwa nayo, na hakuna aliyetaka kukaa chini kuiandika. "Mama Fausta, wewe andika tu, si unajua zinavyokuwa."

Nilikuwa najua zinavyokuwa. Huko ndiko lilikoanzia kosa.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana ninyi mnabonyeza mara moja na kitu kinafutika. Sisi tulikuwa na stensili, karatasi ya nta ya kutolea nakala. Ukikosea herufi unapaka rangi ya kusahihishia, unapuliza, unasubiri ikauke, ndipo unagonga tena juu yake ukiomba Mungu isitoboke. Aliyenifundisha ni Bi Theresia, mpiga chapa mkuu wa ofisi niliyoanzia, mwanamke aliyekuwa akisoma karatasi kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza ili akili isimdanganye. Alinifundisha kumpa mtu mwingine asome kwa sauti huku mimi nikifuata kwa kidole. Alinifundisha pia kwamba kabla ya mkutano karatasi ni yangu, nirekebishe nitakavyo, lakini mkutano ukishapitisha hata koma si yangu tena. Mara moja nilirekebisha neno kwenye muhtasari uliokwisha kupitishwa, neno lililokuwa limekosewa waziwazi, nikidhani nitasifiwa. Alinirudishia mashine na karatasi mpya nane, akanikalisha hapo mpaka nikaupiga wote upya na lile kosa lake.

Sasa njooni kwenye katiba ya maji. Sisi wakazi wa upande wa Singe na sehemu ya Nangara tulikuwa na chemchemi yetu mlimani Kwaraa, tangi moja na mabomba. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Hando, mkulima mwenye sauti nzito na viatu vya mpira, aliyekuwa akipanda mlimani mwenyewe kutoa majani kwenye chujio. Alhamisi moja alikuja kwangu na nusu ukurasa wa daftari. Jumamosi ni mkutano mkuu, na bila katiba jumuiya yetu ya watumia maji haisajiliwi.

"Wiki iliyopita umeandika katiba ya kwaya ya kanisani," akasema. "Tuwekee kama ile ile, ila yetu iwe ya maji."

Kwaya ile ilikuwa imeteseka miaka na kiongozi aliyekataa kutoka, kwa hiyo katika katiba yao waliweka kifungu cha tisa: kiongozi atashika nafasi kwa vipindi visivyozidi viwili, vya miaka mitatu kila kimoja. Nikaweka nakala yao kushoto, nikaanza kugonga. Penye kwaya nikaweka jumuiya, penye kiongozi nikaweka mwenyekiti. Fausta wangu alikuwa na homa, sikio moja liko chumba cha pili kwa mtoto, jingine kwenye mashine. Sikumpa mtu asome kwa sauti. Kifungu cha tisa, ambacho Mzee Hando hakukiomba wala hakukitaja, kikaingia kama kilivyo. Na cha kumi na nne nacho kikaingia: mwanachama atakayechelewa mazoezi mara tatu atasimamishwa kuimba.

Ndiyo. Kwenye katiba ya maji.

Niligundua Jumamosi, nikiwa nimesimama mbele ya watu kwenye darasa la shule, kwa sababu karani wa mkutano na msomaji wa katiba nilikuwa mimi. Nilisikia kuimba kukitoka mdomoni mwangu mwenyewe. Nikainua macho nikisubiri kicheko. Hakuna aliyecheka. Wingu lilikuwa limetanda na kila mtu alikuwa ameanika mahindi nyumbani. Macho yote yalikuwa dirishani. Mbele kabisa waliketi maofisa wawili wageni wa mkoa mpya, wameshika kalamu. Niliona aibu kusema mbele yao kwamba nimekosea. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho.

"Wanaokubali?" akauliza Mzee Hando. Mikono yote juu. "Wanaopinga?" Hakuna. Nikaandika kwamba katiba ilisomwa yote, kifungu kwa kifungu, ikapitishwa kwa kauli moja, na hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Tukakimbia kuanua mahindi.

Miaka sita ikapita. Hapa naomba niseme jambo ambalo linanichosha mpaka leo. Nimeandika mihtasari ya vyama vingi mno, vya kila rangi, na nimeona mtu yuleyule kila mahali. Akiwa nje ya kiti, katiba anaibeba kifuani kama Biblia. Akishakalia kiti, katiba inakuwa karatasi iliyoandikwa na watu waliokuwa na haraka. Mimi ni mtu wa zamani na sioni haya kusema. Naamini kiongozi apewe madaraka kidogo, kwa muda unaojulikana, na maandishi yanayomfunga mikono. Vijana mnaniambia, mama, katiba lazima iende na wakati. Iende, nani amekataa? Lakini ipelekwe na wenye katiba, mchana, kwa kura, isiburutwe na mtu ambaye anabanwa nayo.

Aliyeibeba katiba kifuani kwetu alikuwa Safari, mdogo wake mume wangu, yaani shemeji yangu. Mtu mchangamfu, mfanyabiashara wa mbao, anajua kuongea. Mzee Hando alipofikisha vipindi viwili na watu wakaanza kusema aendelee tu maana maji yanatoka, Safari alisimama akaipunga ile nakala yangu.

"Ndugu zangu, kifungu cha tisa! Tulikubaliana hapa hapa. Leo tukimvunjia mzee kwa sababu tunampenda, kesho tutamvunjia nani? Katiba haina mjomba wala shangazi!"

Alitoa machozi. Sitanii, alitoa kitambaa akafuta. Mzee Hando aliomba ile karatasi, akaazima miwani ya jirani, akasoma kwa muda mrefu. Kisha akavua ufunguo wa tangi shingoni, alikuwa anauvaa kwa kamba, akauweka mezani akarudi kuketi na wenzake. Na mimi pale mezani, kalamu mkononi, nilijua kwamba kifungu kile kiliingia kwa uzembe wangu, na kwamba mtu mwema anatoka kwa sababu yake. Sikusema. Nilijiambia si kazi ya karani kusema. Mkitaka kujua unafiki unaanzaje, unaanza na sababu nzuri kama hiyo.

Safari akachaguliwa. Hakuwa mbaya, nisimsingizie. Alileta mabomba makubwa zaidi, akaongeza vituo vya kuchotea viwili. Miaka sita tena ikaisha, na zamu hii aliyekuwa akihesabu vipindi kwa vidole alisahau kuhesabu.

Alikuja kwetu Jumapili baada ya misa, na suti yake, na jogoo wa zawadi. Akaketi, akauliza habari za magoti yangu, ndipo akatoa katiba mfukoni, imekunjwa mpaka imechakaa.

"Shemeji, soma hapa. Kumi na nne."

Nikasoma.

"Kuimba, shemeji! Mabomba yetu yanaimba?" Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka. "Hii ni katiba ya kwaya. Nimewauliza wanakwaya, wameniletea yao. Na cha tisa ni kilekile, neno kwa neno. Mzee Hando hakukuagiza uweke cha tisa, sivyo?"

"Hakuniagiza."

"Basi ni makosa ya uchapaji. Mimi sitaki makubwa. Nataka saini yako tu."

Alikuwa na barua tayari. Ilisema kwamba mimi, mpiga chapa wa katiba, nathibitisha kuwa vifungu vya tisa na kumi na nne viliingia kwa makosa ya uchapaji na havikuwa katika maagizo ya kamati. Niliisoma mara tatu, mara moja kuanzia mwisho. Ilikuwa kweli tupu kuanzia juu mpaka chini. Na nikisaini, kifungu cha tisa kinakufa pale pale, na mwenyekiti wetu anabaki bila mwisho wowote ulioandikwa.

Alipoondoka, mume wangu akaniuliza, "Yaliyoandikwa ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Baba Fausta."

"Basi saini. Mtu anakuomba useme kweli na wewe unasita? Mdogo wangu ndiye aliyemlipia Fausta ada Arusha miaka yote ya sekondari. Mama yangu anaishi kwake. Unataka Krismasi tukale wapi?"

Siku tatu sikulala vizuri na niliunguza maharage mara mbili. Nilikuwa na hasira, kwanza kwa shemeji, ambaye aliutumia uzembe wangu kumtoa mtu na sasa anataka kuutumia kujibakiza. Halafu kwangu mwenyewe, maana silaha yote aliyoishika nilimtengenezea mimi. Kusaini ni kusema kweli kwa manufaa ya mtu mmoja, baada ya kuinyamazia ilipokuwa ya manufaa kwa mwingine. Kukataa kusaini nako ni kuficha kosa langu mara ya pili. Siku ya nne nikamrudishia barua bila saini. Nikamwambia nitasema kwa mdomo, mkutanoni, yote.

"Yote gani?" akauliza.

"Yote, shemeji."

Nadhani alisikia alichotaka kusikia, kwa sababu siku ya mkutano yeye mwenyewe ndiye aliyenikaribisha. Darasa lilijaa mpaka nje. Akasoma kifungu cha kumi na nne kwa mbwembwe, na mara hii watu walicheka kweli, mama mmoja akauliza mazoezi ni siku gani. Kisha akasema, "Karani wetu, mama mheshimiwa, atawaeleza jinsi ilivyokuwa."

Nikasimama.

"Ni kweli," nikasema. "Niliiga katiba ya kwaya nikasahau kutoa vifungu viwili. Kamati haikuniagiza. Kosa ni langu, na mnisamehe."

Safari akaanza kupiga makofi.

"Sijamaliza, mwenyekiti. Kosa ni langu mpaka saa ile nilipoanza kuwasomea hapa. Niliwasomea vyote, na cha tisa, na cha kuimba. Mkanyoosha mikono. Nilihesabu mwenyewe. Tangu hapo si makosa ya uchapaji tena, ni katiba yenu. Hata cha kuimba ni katiba yenu mpaka mtakapokifuta ninyi, kwa taarifa ya siku ishirini na moja na theluthi mbili ya kura, kama ilivyoandikwa kifungu cha ishirini. Mimi siwezi kuwafutia kwa saini yangu. Mwenyekiti naye hawezi."

Zikaanza kelele. Safari akagonga meza. "Watu walikuwa wanaangalia mvua! Hawakujua wanachopitisha!"

"Na ulipomtoa Mzee Hando kwa kifungu hichohicho, shemeji, walijua?"

Hilo sikulipanga, lilitoka lenyewe. Na kwa kuwa lilikuwa limetoka, ikabidi nimgeukie Mzee Hando, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, amezeeka sana, fimbo kati ya magoti.

"Mzee, shikamoo. Siku ile nilijua kwamba ni kosa langu nikanyamaza. Ulitoka kwa sababu yangu. Naomba radhi mbele ya hawa wote."

"Marahaba," akasema. Akakohoa. "Mama Fausta, mimi nilijua."

"Ulijua nini, mzee?"

"Nilijua ni cha kwaya. Mimi nilikuwa besi kwenye kwaya ile. Tulikitunga sisi, kumtoa yule kiongozi wetu." Waliokuwa nje wakasogea mlangoni. "Nilipokisoma siku ile nilikitambua. Nikataka kusema, hiki si chetu. Halafu nikakumbuka niliuliza mimi mwenyewe wanaokubali, na mkono wangu ulikuwa juu. Sasa ningesema nini?"

Akatazama chini kwenye fimbo yake. Safari akakusanya karatasi zake, na uchaguzi ukaendelea bila jina lake. Akachaguliwa Mwalimu Joshua, kijana mgeni kutoka mikoa ya kusini, mpole, anajua mahesabu ya mabomba. Kabla ya kura alikuwa amesema mambo mazuri sana kuhusu kifungu cha tisa.

Krismasi ile tulikula nyumbani kwetu, mimi na Baba Fausta, bila kuongea sana. Mama mkwe wangu alituma salamu kwa mwanawe, kwangu hakutuma. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa maana alifariki kabla hatujakaa tena meza moja. Msidhani ukisimamia maandishi utapigiwa vigelegele. Unapata nafasi ya kukaa peke yako na kuosha vyombo vichache.

Mwaka haukwisha. Siku moja nikiwa nafungua chumba changu cha kazi, Mwalimu Joshua huyo, na begi lake la mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama, mambo poa. Nina kazi ndogo ya kuchapa." Akatabasamu. "Unajua hiki kifungu cha tisa kinabana. Miaka sita huwezi kumaliza mradi wowote. Tungeweka vipindi vinne hivi."

Nilivua miwani nikaifuta, maana nilihofia nitasema jambo ambalo halisemwi kwa mwalimu. Nilitamani kumtupia stepla. Lakini kijana hakuja na barua ya kusaini kwa siri. Alikuja kuchapisha taarifa ya siku ishirini na moja, theluthi mbili, mkutano mkuu, kila kitu kama kilivyoandikwa. Njia niliyosema mbele ya darasa zima kwamba ipo, ameifuata. Nikaichapa. Nikampa mwanafunzi wangu wa uchapaji aisome kwa sauti huku nikifuata kwa kidole, nikamweleza Joshua waziwazi kwamba nitapinga.

"Ni haki yako mama," akasema, na nadhani alimaanisha.

Mkutano ulikuwa mchana mweupe, jua kali, hakuna mahindi nje ya kusingizia. Kifungu cha kuimba ndicho kilichochukua muda mrefu, kwa sababu baadhi walishakizoea na wakaona kuna raha kuwa nacho. Kikafutwa. Kisha kikaja cha tisa. Nilisimama nikasema yangu, kwamba anayeongezewa muda asiwe huyo aliyepo, walau aanze ajaye. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipigia makofi, halafu wakanyoosha mikono kumkubalia mwalimu. Ilikuwa mikono mingi. Haikuhitaji hata kuhesabiwa, lakini niliihesabu, mara mbili, kutoka kila upande wa darasa.

"Wanaopinga?"

Nikanyoosha wangu. Mzee Hando akainua fimbo. Mama mmoja wa Nangara ambaye hata jina lake silijui akanyoosha. Na kutoka nyuma, nikasikia kiti kinasukumwa, na sauti ninayoijua vizuri kuliko nilivyotaka:

"Vipindi viwili ni vipindi viwili, ndugu zangu! Katiba si ya kuchezea!"

Shemeji Safari. Mkono juu, umenyooka, na kitambaa tayari kwenye ule mwingine. Alinitazama kana kwamba tumekuwa upande mmoja maisha yote. Mzee Hando aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa anacheka.

Mwenyekiti akaniuliza idadi. Kwenye karatasi nilikuwa nimeshaandika waliopinga, watatu, na wino haujakauka. Nikamtazama shemeji, mkono wake bado uko juu. Kisha nikakata watatu mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake wanne, nikatia saini pembeni.